Nilivyomchagulia ami waimbaji kumi wa kiume

Ami yangu macho yamemtoka karibu yote, presha ya macho, na kule kwake Kuze, Mombasa, kitu kinachomchangamsha siku nzima ni karedio kadogo ka kuchomeka flashi. Hako karedio hata kioo cha kuonyesha majina hakana, kuna kidude cha kwenda mbele na cha kurudi nyuma basi. Mimi nlikuwa nimemjazia nyimbo mia nne nikidhani nimemfanyia jambo la maana, kumbe nimempa adhabu, manake akimtaka Juma Bhalo, yule mwimbaji wa taarab wa Mombasa, anabonyeza mpaka kidole kinamuuma. Akaniita. "Mwanangu, toa zote. Niwekee wanaume kumi tu, wakubwa kabisa tangu watu waanze kurekodi, walosimama kwa majina yao si bendi. Kila mmoja nyimbo mbili, nijue nani yuko wapi."

Nikamwambia kesho utapata. Ilinichukua wiki tatu!

Daftari lilifika majina sitini na kitu, na hiyo sheria ya si bendi ndo ilonitesa mwanzo. Freddie Mercury kazaliwa Unguja 1946, nlitamani sana aingie, lakini kazi yake kubwa yote iko na Queen. Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki hapahapa Mombasa kwa ajali ya gari 1979, ukimsikiliza unasikiliza pia gitaa lake na wenzake wa Morogoro Jazz, alafu Super Volcano, huwezi kumchomoa mle ukabaki na koo peke yake. Nikawakata wote wawili, na kwa Mbaraka roho iliniuma.

Wengine nlikuwa nawasikiliza kwa hedfoni zangu nzuri na kila mtu akawa mkubwa, simuoni wa kumtoa. Siku moja ndo ikanijia kwamba ami hasikilizi kwa hedfoni, nikaenda nikakachukua kale karedio, nikakaweka juu ya friji jikoni, feni inazunguka, mke wangu anakaanga bhajia. Kale kaspika besi hakana kabisa, kanakula ngoma na kila kitu kanabakiza sauti ya mtu. Barry White akapotea, sauti nzito yote ile ikawa kama mtu anaongea ndani ya mtungi, na najua si haki kwake lakini ami atasikia hivohivo nlivyosikia mimi. Sam Cooke naye akatoka pale kama amesimama kando ya jiko, safi, kila neno laeleweka, na alifariki 1964 akiwa na miaka 33 tu. Otis Redding alikuwa na 26 ndege ilipoanguka 1967, siku chache baada ya kurekodi ule wimbo wa kukaa gatini ukitazama meli zikiingia na kutoka, na mtu yeyote aliyewahi kukaa Likoni bila kazi anaujua ule wimbo hata kama Kiingereza hajui. Ule mluzi wa mwisho ulipita juu ya kelele ya mafuta.

Kwa Juma Bhalo na Mohammed Rafi, yule mwimbaji wa sinema za Kihindi, nlikaa sana. Kuna watu tangu zamani wanasema Bhalo alikuwa anachukua tu mahadhi ya Kihindi, kwa hivo ukiwa na Rafi yatosha. Nikawaweka wakifuatana, Rafi alafu Bhalo, Rafi alafu Bhalo. Rafi ni bahari, alikuwa akiwaimbia waigizaji wa sinema na kila mmoja anamgeuzia sauti. Lakini Bhalo akifika mwisho wa mshororo, ile silabi ya mwisho anaivuta, anaikunja mara tatu nne kabla hajavuta pumzi, na hayo ni maneno ya Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, ushairi wetu, huwezi kuupata kwa Rafi hata ukikesha. Mke wangu aliacha upawa hewani, bhajia zikaungua. Wote wawili ndani, Bhalo nambari moja.

Jim Reeves nlimjua kwa jirani wa bara aliyekuwa akimpiga kila Jumapili. Anaimba kwa upole, karibu na maikrofoni, na karedio kadogo kanampenda. (Alikufa tarehe 31 Julai 1964, Rafi 31 Julai 1980, nlipoona hivo nikawaweka jirani.) Abdel Halim Hafez wa Misri hakuwa na mjadala, wimbo wake mmoja waweza kumaliza buli zima la chai. Fadhili William, Marvin Gaye, Stevie Wonder, nao hawakunisumbua. Nafasi ya kumi ilikuwa Elvis Presley au Michael Jackson, na Michael akashinda kwa sababu ngoma zikishaliwa na spika, mdomo wake wenyewe unapiga ngoma.

Nikampelekea. Alisikiliza mpaka magharibi, kidevu juu ya bakora, hasemi kitu. Alipomaliza akauliza, "Mbaraka yuko wapi?"

Nikamkumbusha sheria yake ya bendi.

"Mwanangu, Mbaraka ni Mbaraka."

Nikarudi na laptop nikamuongeza wa kumi na moja, mwisho kabisa, sababu redio ikiwa kwa Bhalo wimbo wa kwanza ukibonyeza kurudi nyuma mara moja inaruka mpaka wa mwisho. Nikamshika kidole nikamuonyesha, akabonyeza, gitaa likaingia.