Ndani kwa Ndani

Februari 2014, mvua ikiwa bado haijaachia Tabora, mzee mmoja mstaafu wa reli alituletea gereji Volkswagen ya kobe, ya mwaka 1966, injini 1300. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniwekea sharti kabla hata sijachukua jeki.

"Fundi, nataka matairi manne. Ila usiniuzie ulicho nacho. Niuzie gari linachotaka."

Nikapiga magoti kusoma ubavuni. Gari moja, saizi tatu. Nyuma yote mawili 195/65 R15, yaani upana milimita 195, kimo cha ubavu asilimia 65 ya upana huo, ringi inchi 15; mtumba. Mbele kulia 165 R15, kipara kabisa. Mbele kushoto 155 R15, limepasukapasuka kama udongo wa kiangazi. Mzee alikuwa analalamika usukani unavuta kushoto, na hiyo peke yake ilitosha kueleza: tairi la kushoto lilikuwa fupi kuliko mwenzake, na gari huelekea upande wa tairi fupi.

Matairi ya nyuma ndiyo yaliyonishughulisha. Magari haya hayana nati za magurudumu. Ni boliti tano, spana 19, zinaingia moja kwa moja kwenye ngoma ya breki. Boliti zilitoka vizuri, gurudumu likagoma. Ekseli za nyuma za kobe zinabembea, kwa hiyo ukiinua gari kwa jeki gurudumu linajikunja ndani ya madigadi, na tairi pana halipati pa kupitia. Ilibidi nitoe upepo wote ndipo likachomoka. Ubavu wa ndani ulikuwa umelika kwa kusuguana, na katikati ya uso palikuwa pameisha huku pembeni kashata, vile vinundu vya uso wa tairi, zikiwa bado ndefu.

Mtu akiona hivyo husema upepo umezidi. Ulikuwa umezidi kweli, lakini si hivyo tu. Tairi la 195/65 hutaka ringi yenye upana wa inchi 5 na nusu hadi 7. Ukilivalisha ringi nyembamba, mbavu zinavutwa kwa ndani, uso unabinuka juu kama mgongo wa samaki, na ni katikati tu panapogusa barabara. Kwenye kona tairi linalala ubavu. Aliyeyafunga aliona 15 kwenye ringi na 15 kwenye tairi, akaona kazi imekwisha.

Nami nikataka kuonyesha ujuzi. Nikavuta futi kamba, nikapima ringi ukingo kwa ukingo, nikapata milimita 127. Inchi 5 kamili. Nikamwambia, "Mzee, hii itakubali 185/65 R15. Ziko hapa hapa mjini, leo leo tunafunga."

Akaniuliza nimepimia wapi. Nikamwonyesha.

"Hapo umepima bati," akasema. "Reli yetu ya kati ni milimita 1,000. Unadhani tulikuwa tunapima nje kwa nje? Ilipimwa ndani kwa ndani, kichwa cha chuma kwa kichwa cha chuma. Wewe pima pale tairi linapokaa."

Nikachukua brashi ya waya nikakwangua rangi na kutu karibu na tundu la vali. Herufi zikajitokeza polepole, kwanza J, kisha namba: 4J x 15. Nikarudia kupima kwa ndani, ukuta wa ringi kwa ukuta wa ringi: milimita 102 kasoro kidogo, yaani inchi 4. Ile inchi niliyozidisha ilikuwa unene wa kingo mbili zilizokunjwa. Kumbe hata 185/65 nisingeifunga kihalali, maana huanzia ringi ya inchi 5.

Tukafungua boneti ya mbele kutoa tairi la akiba. Hilo halikuwa limeguswa na fundi yeyote: 5.60-15, la nyuzi za kukatizana, lile la mtindo wa zamani kabla ya rediali, ile R ya ubavuni. Namba hizo ni inchi zote mbili, 5.60 ni upana, na kwa tairi za aina hiyo kimo cha ubavu hukaribia upana wenyewe. Tukalisimamisha ukutani, tukaweka ubao juu yake, tukapima kutoka sakafuni: sentimita 65 hivi.

Baada ya hapo ilikuwa hesabu ya chaki kwenye mlango wa stoo. Ringi ya inchi 15 ni milimita 381. Tairi la 165 R15 halina namba ya pili baada ya upana, na lisipokuwa nayo chukua asilimia 80 hivi: 165 mara 0.80 ni 132, mara mbili 264, jumlisha 381, unapata 645. Ndilo lenyewe. La 155 R15 linatoa 629. Kobe hulivaa pia bila ugomvi, ila ni fupi kidogo. La 195/65 linatoa 634, na hapo ndipo linapodanganya watu: kimo kinakaribia, upana haukubali. La 185/65 nililotaka kumuuzia linashuka hadi 621.

Tabora nzima sikupata 165 R15. Nikapiga simu Dar es Salaam, na kabla ya kutuma pesa nikamwomba muuzaji anisomee ubavuni neno kwa neno: 165 R15, 86T, na zile tarakimu nne za mwisho. Yakaja na basi, tarakimu zikiwa 3813, yaani wiki ya 38 ya mwaka 2013. Hiyo 86 ni namba ya uzito unaobebeka, kilo 530 kwa kila tairi, inatosha na kubaki kwa gari dogo namna ile.

Ringi za zamani kama hizo hazina tuta dogo la kuzuia tairi lisilo na tyubu lisiteleze kuingia katikati, kwa hiyo tulitia tyubu za 15. Kabla ya kutia nilipapasa ndani ya kila tairi nikabandua vikaratasi vyote vya kiwandani. Kikaratasi kidogo kikiachwa husugua tyubu mpaka itoboke, na pancha ya aina hiyo utaitafutia mwiba mchana kutwa usiuone. Poda kidogo, kisha upepo: mbele psi 18, nyuma 27. Injini iko nyuma, uzito uko nyuma. Kijana wetu wa pancha alishazoea kujaza 32 kote, ilibidi nisimame karibu na mashine.

Gurudumu la mbele kushoto nililifunga mwenyewe. Waya wa spidi mita unapita katikati ya ekseli yake na kutokeza kwenye tundu la mraba la kifuniko cha grisi, na pini yake ndogo ikipotea mshale haunyanyuki. Na kwa kuwa mshale unasoma mzunguko wa gurudumu hilo, lile tairi fupi la 155 lilikuwa linamwongezea mzee mwendo asiokuwa nao.

La akiba alikataa kulitupa. Nikamweleza kwamba tairi la nyuzi za kukatizana na rediali havikai ekseli moja, na kwa umri ule lisipewe safari. Akanyoosha mkono akaomba chaki, akaandika juu ya ringi: HADI NYUMBANI TU. Akalirudisha chini ya boneti yeye mwenyewe.