Injili ilifikaje kwetu Buhaya?

Kijana wa usharika wetu anayesoma Dodoma alinitumia ujumbe wiki iliyopita: "Shikamoo Baba Mwinjilisti. Naandika historia ya kanisa la nyumbani. Ni mmisionari gani aliyetuletea injili?" Nilianza kumjibu kwa simu, nikaona jibu linazidi kurefuka. Nimeona niliandike hapa, maana wapo wengi wanaouliza hivyo hivyo.

Kanisa letu la Kilutheri huku Kagera halikuanza na mmisionari. Lilianza na Wahaya wenyewe waliovuka kwenda Uganda, wakajifunza kusoma huko, wakarudi na vitabu vya Kiganda na imani mpya. Kigarama palikuwa na kundi la namna hiyo, na miongoni mwao alikuwamo Andrea Kajerero. Walikuwa wakikutana, wakisoma na kuomba bila mchungaji yeyote. Ernst Johanssen wa misheni ya Bethel ya Ujerumani alipofika Bukoba mwaka 1910, akitokea kwenye kazi yao ya Rwanda, aliwakuta watu hao wakimsubiri mwalimu. Ndugu zetu Wakatoliki wana historia yao ndefu zaidi, maana Mapadre Weupe walikuwa Kashozi tangu 1892. Mimi nasimulia ya upande wetu.

Simpunguzii Johanssen heshima yake. Kuacha kwao wakaja kuishi na homa za ziwa, wakajifunza lugha yetu, ni sadaka kubwa. Lakini tazama kilichofuata. Vita ya kwanza iliwaondoa Wajerumani. Walirudi, na vita ya pili ikawaondoa tena, ndipo Waswidi wakaja kushika kazi. Katika vipindi vyote viwili, nani aliyepiga kengele Jumapili asubuhi? Nani aliyewafundisha watoto kusoma kwenye vibanda vya nyasi, akazika, akapatanisha wanandoa? Ni walimu wa vijijini, ambao leo tunawaita wainjilisti. Sundkler Mswidi alipowekwa kuwa askofu wetu wa kwanza mwaka 1961, alikabidhiwa kanisa lililokwisha kupitia majaribu. Miaka mitatu baadaye akafuata Josiah Kibira, mwana wa hapa hapa, ambaye kuanzia 1977 hadi 1984 alikuwa rais wa Fungamano la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho. Kibira ameandikwa vitabuni, na anastahili. Waliowafundisha a-e-i-o-u watu wa rika lake huko vijijini hawajaandikwa.

Baba yangu alikuwa mmoja wa wainjilisti hao, huku Muleba. Watu walimwita Mwalimu hadi anazikwa. Mtaa ninaoutumikia sasa, yaani tawi la usharika, aliuanzisha yeye, na sababu yake haikuwa mkutano mkubwa wala vipaza sauti. Akina mama wenye watoto wachanga walishindwa kufika usharikani wakati wa masika, kwa kuwa kijito cha bondeni kilikuwa kikifurika. Wakaanza kukusanyika kwenye kibanja cha mjane mmoja, yaani shamba la migomba la nyumbani kwake, chini ya mparachichi, wakimwomba mchungaji awapelekee mtu wa kufundisha watoto. Akapelekwa baba. Kengele ilikuwa rimu ya lori iliyotundikwa kwenye tawi, nayo ipo mpaka leo. Jengo la kwanza lilikuwa la miti na udongo. La pili lilipoanza, kila kaya iliahidi kahawa ya maganda kwa debe, ikauzwa pamoja chama cha msingi, tukapata bati. Tofali tulifyatua wenyewe na maji yakabebwa kichwani.

Wageni wanaotutembelea hupenda mnada wa baada ya ibada. Mzee wa kanisa anainua mkungu wa ndizi, watu wanapandishana bei, aliyeshinda analipa kisha anaurudisha unadiwe tena, na mwisho wake unapelekwa kwa mgonjwa. Wanapiga picha, wanacheka nasi. Ni jambo zuri kweli. Ila aliyeacha sadaka ya yai moja kwa sababu hana shilingi, na yai hilo likanunuliwa kwa bei ya kuku, huyo ndiye ninayetamani wamwone.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu.

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa hapa hapa Kagera. Miaka iliyofuata, mlioishi huku mnajua. Nilikuwa kijana mdogo, nikimbebea baba kitabu cha nyimbo, tukitoka kibanja hiki kwenda kile. Kuna nyumba ambazo watu waliogopa kuingia, hata ndugu wa damu. Walidhani ugonjwa unashika kwenye kikombe au kwenye shuka. Baba na akina mama wa umoja wa wanawake waliingia. Waliosha wagonjwa, walipika uji, walichimba kaburi pale ambapo wanaume wa nyumba walikuwa wameisha. Baba hakuuliza marehemu alibatizwa wapi au kama alibatizwa. Alisoma Zaburi, akaomba, akakaa na bibi aliyeachiwa wajukuu mpaka giza likaingia.

Baada ya misiba ile, mtaa ulijaa. Bibi wale walikuja na wajukuu zao mkononi. Watoto wale wakaingia darasa la kipaimara, miaka miwili ya mafundisho kila Jumamosi, nusu yao wakivaa nguo zilizoshonwa na akina mama wale wale. Leo ndio wazee wa kanisa wangu na ndio kwaya yangu. Katika ripoti ya mwaka, haya yote yaliingia kwenye safu ya ubatizo kama namba. Hakuna safu ya makaburi yaliyochimbwa.

Ndiyo maana moyo unaniuma ninaposikia mipango ya kukuza kanisa inayoanza na vyombo vya muziki na kuishia na mabango, huku mwinjilisti wa mtaa akimaliza miezi bila posho. Huyu ndiye anayehubiri Jumapili tatu au nne kabla mchungaji hajafika na pikipiki kuja kutoa Chakula cha Bwana. Ndiye anayeamshwa usiku. Ana watoto wanaohitaji sare na daftari kama wa mtu mwingine. Sharika nyingi humlipa kwa kilichobaki, na mara nyingi hakibaki kitu. Silii kwa ajili yangu, nina kahawa na ndizi zangu, tunakula. Nawawazia vijana waliotoka chuoni na wito wa kweli, wanaoacha kazi mwaka wa pili kwenda kuendesha bodaboda, na mtaa unabaki umefungwa.

Baraza la wazee wa mtaa wetu limekaa juu ya jambo hili. Tumekubaliana kwamba msimu huu wa kahawa, fedha ya kwanza itakayoingia itatengwa kwa posho ya mwinjilisti kijana tunayemwomba kwa ajili ya ng'ambo ya kijito, ambako familia zimeanza tena kukusanyika kibanjani. Rangi ya kuta itasubiri. Mzee mmoja alipinga, akasema kanisa lisilopakwa rangi linatutia aibu mbele ya wageni. Tukajadiliana mpaka jioni, kisha yeye mwenyewe akawa wa kwanza kuahidi debe mbili.