Usiku ambao mechi iligoma kuisha

Juzi kijana wangu kaniletea simu mpaka jikoni, mikono yangu yote unga wa chapati, ananiuliza, "Mama, hivi ni kweli Hasheem Thabeet alishawahi kucheza mechi ya basketi ikaongezwa muda mara 6?" Kwenye kioo kuna kideo kifupi, jamaa wa timu ya chuo cha Syracuse kapanda juu ya meza ya waandishi anashangilia kama kashinda uchaguzi. Nikamwambia hiyo naijua baba, tulia hapo hapo, sasa hivi marefa watamshusha. Kashangaa huyo! Watoto wa siku hizi ukiwaambia mama yao aliwahi kukesha kwa ajili ya basketi wanaona unawapiga fiksi.

Wale wa siku nyingi mnazijua habari zangu za Hartford, jimbo la Connecticut kule Marekani, sizirudii. Ni Machi 2009, nabeba boksi kwenye nyumba ya wazee, zamu ya usiku, naingia saa 5 natoka saa 1 asubuhi, barafu nje bado haijaisha na uchumi wa Marekani umelala chali. Pale kazini walikuwa wameanza kutupunguzia masaa bila hata kutuita kikao, unakuta tu jina lako halipo kwenye karatasi ya ratiba.

Sasa chumba cha mwisho kule koridoni kulikuwa na mzee mmoja, aliyekuwa fundi kwenye kiwanda cha injini za ndege East Hartford, miguu haifanyi kazi ila kichwa kinachemka balaa. Alipojua natoka Dar akaniita Tanzania, basi, jina langu hakulitaja tena. "Tanzania, kijana wenu leo kapata bloku ngapi?" yaani kazuia mipira mingapi ya wapinzani. Mimi kikapu nilikuwa sikijui, nilikuwa namjua Hasheem tu kama tulivyomjua wote, mtoto wa kwetu aliyepita Makongo sekondari, futi 7 na inchi 3, ghafla yuko chuo cha Connecticut anakula maisha. Mzee ndiye aliyeniambia kwamba kule habari yenyewe siyo Hasheem, habari ni yule mzungu mwenye mvi anayepiga kelele pembeni.

Jim Calhoun. Mzee alikuwa anaisimulia historia ya yule kocha kama mtu anavyosimulia ukoo wake. Baba yake alifariki akiwa na miaka 15, chuo cha kwanza akakiacha baada ya miezi michache arudi nyumbani kusaidia familia, akafanya kazi ya kuchonga mawe ya makaburi, akafanya kazi kwenye vyuma chakavu, ndiyo baadaye akarudi shule. Alipochukua timu ya Connecticut mwaka 1986 ilikuwa timu ya kuonewa, msimu wake wa kwanza alishinda 9 akafungwa 19. Chuo chenyewe kiko Storrs, kijijini kabisa, kilianza kama shule ya kilimo, mpaka leo kuna ng'ombe na wanauza aiskrimu ya maziwa yao wenyewe. Hapo ndipo alipochukulia ubingwa wa taifa wa vyuo 1999 kwa kuwafunga chuo cha Duke 77 kwa 74, akachukua tena 2004. Mzee akifika kwa Duke sauti inapanda, wa chumba cha pili anagonga ukuta.

Lakini nisiwafiche, mwezi ule mimi na yule kocha hatukuwa na mapenzi. Februari kuna jamaa alimuuliza mbele ya kamera kuhusu mshahara wake, dola milioni 1.6, analipwa na jimbo ambalo halina hela, akajibu hata senti moja hairudishi, tena akaongeza kwamba timu yake inaingizia chuo milioni 12. Tulipoiona ile tukiwa kwenye chumba cha chakula tukaachia vijiko. Nilipomwambia mzee, akanitetea kocha wake kidogo, halafu akanyamaza, akasema na yeye angekuwa na hela zile asingerudisha.

Basi usiku wenyewe, Alhamisi tarehe 12, robo fainali ya Big East, ligi ya vyuo waliyokuwa wanacheza, Connecticut na Syracuse, Madison Square Garden kule New York. Naingia kazini kipindi cha pili kinaendelea. Kazi yetu ilikuwa hivi, kila baada ya masaa 2 unazunguka, unawageuza wagonjwa wasitoke vidonda, unabadilisha pampasi, unajaza fomu ya maji, nani kanywa kiasi gani, maana mzee akikaukiwa maji lawama zote zako. Nikaanza na vyumba vya mbele ili nimalizie kwake. Mara taa juu ya mlango wake ikawaka. Nakimbia nikijua kaanguka. Wapi! Kabonyeza kengele ili nije kuona mwisho wa mechi.

Ni 71 kwa 71, imebaki sekunde 1 na kitu. Mtu wa Syracuse anarusha mpira kutoka golini kwake, mrefu, unaguswa huko njiani, unamdondokea mwenzake Devendorf, anageuka anarusha kutoka mbali na unaingia. Ukumbi mzima ukalipuka. Devendorf huyooo juu ya meza. Nikasema haya imeisha, nikaokota shuka langu. Mzee akanishika mkono, kashika kwelikweli, siyo kawaida yake, akasema, "Bado. Mpira ulikuwa kwenye vidole."

Marefa wanainamia runinga yao ndogo. Wanarudisha picha, mbele nyuma, mbele nyuma, na sisi tunarudishiwa hiyo hiyo. Mimi naona mkono, naona mpira, naona taa nyekundu nyuma ya ubao, kwangu vyote vimetokea kwa pamoja. Mzee kakaza macho, mdomo unatikisika kidogo, mkono mwingine kakamata chuma cha kitanda. Kumbe kule kiwandani kazi yake ilikuwa kukagua vipuri, unywele mmoja ukizidi anakitupa. Akanionesha kwa kidole kwenye hewa, pale, vidole vitatu, bado vimegusa na taa imeshawaka. Na kocha wake wakati huo kasimama, na mimi kwa mara ya kwanza nikamtazama vizuri, nikasahau milioni 1.6, nikaona tu mtu wa umri wa baba yangu mdogo anasubiri kuambiwa kama usiku wake umeisha au la. Nikajikuta nasema taratibu, wasikubali, wasikubali. Refa akapunga mikono. Halihesabiwi.

Mzee akaniachia mkono na kusema, "Nilikuwa nakataa vipuri vizuri kuliko hiki."

Kilichofuata si mliona wenyewe. Dakika 5 za nyongeza, sare. Nikaenda kugeuza watu wawili, nikarudi, sare. Nikajaza fomu za maji nikarudi, sare. Nesi wa zamu kaja kuniuliza naenda wapi kila dakika, akasimama mlangoni na yeye, akabaki hapo. Syracuse katika nyongeza 5 za kwanza hawakuongoza hata mara moja, ni Connecticut wanatangulia halafu wanafikiwa, wanatangulia wanafikiwa, watu wanatolewa kwa faulo mmoja mmoja mpaka wakafika wanane kwa timu zote, kwenye benchi wanaamshwa watoto ambao nadhani hata mama zao walikuwa wameshaenda kulala. Kocha anafoka tu. Nikamuuliza mzee, huyu mtu kwa nini anafokea watoto wa watu waliochoka hivi? Nilitegemea atanipa falsafa. Akasema yeye alikuwa nyapara kwa muda mrefu na alikuwa anafoka, na mpaka leo hajui kama kuna injini yoyote iliyotoka nzuri zaidi kwa sababu ile.

Nyongeza ya 6, Rautins wa Syracuse akaanza na pointi 3, hapo ndipo Syracuse wakaonja kuongoza na hawakurudi nyuma tena. 127 kwa 117. Flynn wao alicheza dakika 67 kati ya 70, yaani hata mimi wa zamu nilikaa chini kuliko yeye. Ilikuwa saa 7 na dakika 22 usiku. Mzee akaniomba maji, akanywa glasi nzima, nikaandika.

Sasa sikilizeni hii. Wiki moja baadaye mashindano ya taifa yanaanza kule Philadelphia, Connecticut wanawapiga Chattanooga 103 kwa 47 na kocha hayupo. Yuko hospitali. Kakaukiwa maji! Miaka 66, kansa keshapambana nayo zaidi ya mara moja, anazunguka na vijana nchi nzima na hakuna mtu wa kumshikia fomu. Nilicheka peke yangu kwenye basi mpaka watu wakanitazama, maana kwangu pale mzee wa chumba cha mwisho angefika hali hiyo ningefukuzwa kazi siku hiyo hiyo.

Walifika nusu fainali Detroit, Michigan State wakawatoa 82 kwa 73. Juni Hasheem akachaguliwa wa pili NBA, Mtanzania wa kwanza kufika huko, timu ya Memphis, nyie mliokuwa Dar mnakumbuka kelele zake. Mzee hakumaliza mwaka pale, binti yake alikuja kumchukua akampeleka jimbo la mbali, na mimi siku hiyo nilikuwa off. Kwa hiyo 2011, mchezaji wa Connecticut Kemba Walker aliposhinda mechi 5 ndani ya siku 5 kwenye Big East na baadaye Calhoun kuchukua ubingwa wa tatu mbele ya chuo cha Butler, 53 kwa 41, mechi mbaya mpaka macho yanauma, sikuwa na wa kumuuliza kama ile ilikuwa timu nzuri au bahati. Na adhabu zilikuja pia, NCAA, wale wanaosimamia michezo ya vyuo, walimsimamisha Calhoun mechi 3 kwa mambo ya kusajili mchezaji, sijui mzee angemteteaje na hapo.

Akastaafu 2012. Nikasema kaa sasa nyumbani unywe maji. Miaka sita baadaye nasikia karudi, safari hii chuo kidogo West Hartford, Saint Joseph, kilichokuwa cha wasichana kikaanza kupokea wavulana, daraja la tatu ambako mchezaji hapewi skolashipu hata ya daftari. Mtu mwenye mataji 3 na jina lake kwenye Ukumbi wa Heshima anaanza timu kutoka sifuri na vijana wasiojulikana hata mtaani kwao, na msimu wa pili wakabeba ubingwa wa ligi yao.

Mimi nasema yule ni mtu asiyeweza kuacha kazi aliyoanza, mume wangu anasema acha kumpamba, mkewe ndiye aliyemchoka pale sebuleni. Tumebishana hilo mpaka chapati mbili zikaungua.