Kuleta demani katikati

Kuhamisha demani, yaani kamba ya kuvutia na kulegezea tanga, kutoka shetri (nyuma) kuja katikati ya mashua huonekana kazi ya saa moja: fungua makapi huku, yafunge kule, basi. Ukikaa na karatasi na penseli ndipo hesabu inapoanza kukukatalia.

Chukua foromali ya chini, mti unaoshika ukingo wa chini wa tanga, yenye urefu wa mita 2.8. Demani ikiishika nchani, wenzo ni huo urefu mzima. Ukiileta mita 1.4 kutoka mlingotini, nguvu inayotakiwa kulizuia tanga lilelile inakuwa mara mbili. Aliyezoea 3:1, yaani makapi yanayozidisha nguvu ya mkono mara tatu, kule nchani atahitaji 6:1 hapa ili mkono wake usihisi tofauti. Kwa upande mwingine, katikati foromali husogea nusu ya mwendo wa nchani, kwa hiyo urefu wa kamba unaopita mkononi haubadiliki sana. Faida halisi ni kwamba nyuma kunabaki wazi, na demani haimnasi shingo mshika usukani tanga linapohama upande.

Hata hivyo, kwa tanga la mita za mraba 7 hivi, mimi nasimama kwenye 4:1 na kuongeza chini kapi la racheti, ambalo roda yake huzunguka upande mmoja tu. Kila roda, yaani gurudumu la ndani ya kapi, ina msuguano wake, na upepo ukiwa mwembamba, 6:1 haiachii: unalegeza kamba lakini foromali imetulia palepale kama haijasikia.

Mpango wa 4:1 ni huu. Kapi la roda mbili juu kwenye foromali, kapi la roda moja lenye jicho chini, na racheti peke yake pembeni mwa la chini. Ncha ya demani ifungwe kwenye jicho la chini, ipande roda ya kwanza ya juu, ishuke, ipande ya pili, ishuke tena, ndipo ipite kwenye racheti kuja mkononi. Hesabu kamba zinazogusa kapi la juu tu. Zikiwa nne, umepatia. Ukifunga ncha juu badala ya chini, hesabu inabadilika na roda moja inabaki haina kazi.

Urefu usiukisie. Sukuma foromali nje mpaka mwisho wake, pima kutoka kapi la chini hadi la juu, zidisha kwa nne, ongeza mita 2 za mkononi. Kwa vipimo vya hapo juu, na kapi la chini likiwa mita 1.4 nyuma ya mlingoti, unapata mita 2.1 hivi, yaani kamba ya mita 10.4. Nunua 11. Iwe poliesta ya kusukwa, milimita 8. Nailoni iache kwa nanga. Inavutika, na kila upepo ukipiga tanga hufunguka lenyewe. Kamba mpya itoe kwa kuzungusha kibiringo chake. Ukiivuta kutoka ubavuni inakuja na misokoto, na misokoto hiyo ndiyo inayofanya kamba nne zijisonge baada ya kugeuza mara chache, halafu watu wakailaumu kapi.

Sehemu ninayoiogopa zaidi ni foromali yenyewe. Ilitengenezwa ivutwe nchani. Sasa tanga linainua ncha, demani inavuta kiuno kwenda chini, na foromali inapinda juu ya tundu la skrubu ulilolitoboa. Mti au alumini, huvunjikia hapohapo. Afadhali usitoboe: zungushia mikanda miwili iliyoachana sentimita 40, iunganishe kwa kitanzi cha kamba, kapi lining'inie katikati ya kitanzi. Mzigo unagawanyika, na mikanda izuiwe isiteleze kwa kishikizo kidogo tu. Chini, tumia bolti zilizopita mpaka ng'ambo, zenye kibao cha kugawa mzigo. Skrubu za mbao zitang'oka. Chuma cha pua kikigusa alumini weka kizuizi kati yake, la sivyo chumvi itaila alumini.

Racheti ijaribu mkononi kabla ya kuifunga. Ukivuta kamba ndani lazima isikike tik-tik-tik. Ukiiachia, roda igome. Ikigoma unapovuta, kamba imepita upande wa kinyume. Na isipoizunguka roda nusu duara, racheti haitashika vizuri hata ikielekea sawa.

Kibano cha meno cha kushikilia demani, mimi simpi anayejifunza. Upepo ukija ghafla naye amening'inia nje, kamba iliyobanwa ndiyo inayopindua mashua. Ukikiweka, pembe yake iwe hivi: kamba ishuke yenyewe kwenye meno, na ichomoke kwa kuinua mkono tu ukiwa umekaa ukingoni. Jaribu kutoka kila ubavu.

Mwisho piga fundo la nane kwenye ncha, pandisha tanga nchi kavu, omo (mbele ya mashua) ikielekea upepo, na uvute demani mpaka ukingo wa nyuma wa tanga ukaze. Angalia makapi. Yakikutana kabla tanga halijakaza, kitanzi cha juu ni kirefu mno. Kifupishe hadi zibaki sentimita 10 kati ya kapi na kapi, kisha vuta tena.