Mtoto wa saba

Jumanne usiku, umeme umerudi sasa hivi, na sauti ya Mama bado inanizunguka kichwani kama mbu aliyeingia ndani ya chandarua.

Wiki hii mahari ya mdogo wangu imeletwa, upepo umeng'oa bati mbili za jikoni na kidato cha nne wameanza mtihani wa moko. Hayo nitayaandika siku nyingine. Mimi nimekwama Jumamosi, sebuleni Ujiji, wageni wameshakula na sinia zimetolewa. Mama akachukua ule msahafu wake mdogo, wenye herufi kama sisimizi, akaanza kusoma. Bila miwani. Mkwe mmoja akasema, "Mashaallah, bibi, macho hayo!" Mama akatabasamu tabasamu ambalo sijaliona tangu tumzike Baba.

"Miaka ishirini miwani iko puani. Tangu mfungo uliopita nimeiweka kabatini. Macho yamerudi."

Na mimi, mwalimu wa baiolojia, nikafungua mdomo. "Hayajarudi, Mama. Hiyo ni dalili ya mtoto wa jicho. Katikati ya lenzi pakigumaa, mwanga unapindwa zaidi, ndiyo maana karibu unaona na mbali huoni. Itabidi atolewe." Mkono nao ulikuwa hewani, kama niko ubaoni.

Akafunga msahafu taratibu. Akiniita Mwalimu, ujue nimeharibu.

"Watoto niliowabeba tumboni ni sita, Mwalimu. Kila mmoja alichukua chake akaondoka. Huyu wa jicho ndiye wa kwanza kunirudishia kitu, na wewe unataka atolewe."

Wakwe wakacheka mpaka machozi. Mama hakucheka.

Tangu hapo nimemjibu mara mia. Nikifua namjibu, nikisahihisha madaftari namjibu. Kwenye jibu zuri kuliko yote nasema tu "Alhamdulillahi, Mama," halafu Jumatatu namwita pembeni. Kwenye jibu baya nataja ushahidi. Maana ninao, na kinachouma ni kwamba nilisema kweli. Mwezi uliopita alishona kifungo cha sketi ya bluu ya mjukuu kwa uzi mweusi, akaapa ni bluu. Lenzi ikizeeka inakuwa ya manjano na kumeza mwanga wa bluu, kwa hiyo kwake rangi hizo mbili zimeshakuwa ndugu. Getini ananiuliza "nani huyo?" mpaka niseme shikamoo. Na huyu ni mtu aliyekuwa anamtambua mvuvi kwa mwendo wake tu, mtumbwi ukiwa bado mbali.

Darasani jambo hili huwa nalianza na mgebuka. Nawauliza, samaki akiiva, ndani ya jicho mnakuta nini? Wote wanajua: kigololi cheupe, kigumu. Kikiwa kibichi kilikuwa kiangavu kama kioo. Ni protini zimegandamana. Kwa samaki ni moto wa dakika chache. Kwetu hakuna moto, kuna miaka tu.

Seli za katikati ya lenzi zilishatupa viini vyao ili zisizuie mwanga, kwa hiyo hazitengenezi protini mpya. Damu haifiki kule. Zile kristalini, yaani protini za lenzi, za katikati ya jicho la Mama ni zilezile za kabla hajazaliwa, na hazijawahi kupokewa zamu. Miaka 71 zimekaa kwenye maji na joto la mwili, zikichakaa kidogo kidogo. Asparajini, moja ya vipande vinavyounda protini, inapoteza amonia na kuwa asidi, salfa inashikana na salfa ya jirani, sukari inajibandika bila kualikwa (na Mama chai yake ni vijiko vitatu, tusiongee). Kuna alfa-kristalini, ambayo kazi yake ni kama ya mlezi: inazidaka zile zinazoanza kufumuka zisishikamane. Lakini nayo haizaliwi upya. Katikati ya lenzi, walezi walio huru wanakwisha mtu akiwa kwenye miaka ya 40.

Mimi nina 43.

Leo baada ya kazi nilipanda bajaji mpaka Ujiji na embe tatu, kuomba radhi bila kutamka neno radhi. Nikamkuta na cherehani. Akanipa sindano na uzi, "nitungie." Nikasogeza karibu, nikasogeza mbali, nikalamba uzi, nikageukia dirishani. Wapi. Akanitazama weee, kisha akanyoosha mkono. "Lete." Akatunga mara moja, bila miwani.

Hapo ndipo tukacheka, sote wawili. Nilimwambia nikiwa bado nacheka kwamba alichosema Jumamosi mbele ya watu ni kweli, tena kuliko alivyodhani. Kristalini za katikati ya macho yangu zilitengenezwa nikiwa tumboni mwake, kwa mgebuka, ugali na mawese aliyokuwa anakula yeye. Ngozi ya wakati ule ilishatoka, damu ilishabadilika mara nyingi. Kile kilichukuliwa kwake na bado ninacho. Akauliza, "Na wale watano?" Nikasema nao pia. Akarudi kwenye cherehani akinung'unika kwamba kumbe wezi wote ushahidi wanao usoni.

Nilipokuwa natoka aliuliza, bila kunitazama, kama hiyo lenzi ya plastiki wanayoweka inauma. Nikasema jicho linatiwa ganzi. Akasema ataona baada ya harusi.

Sasa usingizi haupo kwa jambo jingine kabisa. Lile dumu la mawese la lita ishirini nililompa mtu ampelekee dada Tabora lilipanda treni Jumapili. Dada hajaliona, na yule mtu simu yake inaita tu. Kifuniko nilikikaza kwa nailoni. Sikumbuki kama niliizungusha mara mbili.