Jinsi nilivyompandisha Mama hadi Maundi na kushuka kabla ya giza

Mama yangu ameishi chini ya Kilimanjaro maisha yake yote. Alizaliwa Kilema, akaolewa Marangu, na msitu anaoujua ni ule wa pembeni tu, ukanda wa nusu maili uliotengwa mwaka 1941 ili wananchi wapate kuni na majani ya ng'ombe. Juu ya hapo hakuwahi kufika. Mlima ulikuwa wa wageni, wapagazi na waongozaji. Mwaka jana aliniambia kwenye simu kwamba anatamani kufika Mandara, kituo cha kwanza cha vibanda vya wapanda mlima, ila goti lake la kulia limesagika na alishakata tamaa. Basi tukaenda, mimi naye, Desemba ile tuliporudi nyumbani kwa Krismasi. Naandika tulivyofanya kwa sababu najua huku kwetu Vunjo na Rombo, chini ya mlima, wamejaa akina mama wenye hamu hiyo hiyo.

Safari ni ya siku moja. Lango la Marangu liko karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari na Mandara iko mita 2,720, mwendo wa kilomita nane hivi ndani ya msitu. Mbele kidogo ya Mandara, kama robo saa kwa miguu, kuna kreta ya Maundi, na huko ndiko macho yanakofunguka. Mtanzania analipa ada kwa shilingi, nayo ni ndogo sana ukilinganisha na ya mgeni. Kitambulisho cha taifa usikisahau. Mwongozaji mwenye leseni ni lazima hata kwa safari hii fupi, na sisi tulimpata kijana wa kijiji cha jirani. Nilimpigia mapema nikamweleza habari ya goti, maana sikutaka aje kulijua njiani.

Kupanda kunataka mapafu, lakini kushuka ndiko kunakotesa magoti, kwa hiyo maandalizi yetu yote yalilenga kushuka. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale Moshi alimpa Mama zoezi la kukaa kwenye kiti na kusimama bila kushika kitu, ili misuli ya mapaja ipate nguvu ya kulisaidia goti. Akaongeza kwenda kanisani kwa miguu, kupitia ule mteremko mkali ambao siku zote aliukwepa kwa bodaboda. Viatu tulinunua mitumba soko la Memorial, namba moja zaidi ya mguu wake, maana katika kushuka vidole husukumwa mbele na kiatu kinachobana hung'oa kucha. Fimbo mbili za kukunja tulikodi mjini.

Jambo la pili ni saa, nalo naliona ni kubwa kuliko viatu. Hesabu niliianzia mwisho. Jua kwetu linazama kama saa kumi na mbili na nusu jioni, na ndani ya msitu giza huwahi. Nilitaka tuwe langoni saa kumi na moja na nusu. Kwa goti lile nilikadiria saa tatu za kushuka. Maana yake saa nane na nusu mchana tunageuka, popote tulipo, hata kama Maundi inaonekana. Tulikubaliana watatu, Mama akiwa wa kwanza kukubali, kabla hatujapiga hatua.

Tuliingia saa tatu asubuhi. Mwongozaji alipokuwa akituandikisha, Mama alisoma pale langoni jina la Yohani Kinyala Lauwo, Mchaga wa Marangu anayekumbukwa kwa kuwaongoza wapandaji Wazungu Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni mwaka 1889. Alisimama pale kwa muda. "Lauwo ni watu wa hapa hapa," alisema, na nikaona anavyojinyoosha.

Mwendo wetu ulikuwa wa kuongea. Ukishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, unakwenda haraka mno. Tulipumzika kwa saa, siyo kwa maumivu: kila nusu saa dakika tano, hata pale Mama aliposema bado ana nguvu. Ukingoja goti lilalamike ndipo ukae, umeshachelewa. Wapagazi walitupita na mizigo kichwani. "Shikamoo mama, na wewe unapanda?" Naye, "Marahaba wanangu, napanda!"

Msitu wa kule siwezi kuumaliza kwa maneno. Mikulo minene iliyovaa ukungu na kuvu, mbega wakirusha mikia yao myeupe juu ya vichwa vyetu, na chini kwenye unyevu ua dogo jekundu na njano lililopinda mfano wa mkonga wa tembo. Ua hilo, Impatiens kilimanjari, halioti mahali pengine duniani ila kwenye mlima huu. Lakini kilichomshika Mama ni maji. Njia inafuatana na kijito, na tulipofika mahali kinapomwagika juu ya mawe aliomba tukae ingawa haukuwa muda wa kupumzika. Akanihadithia zamu za mfongo, mfereji wa asili wa Wachaga, alipokuwa msichana: baba yake alivyoamka usiku kufungulia maji yaingie kihambani, yaani shamba la migomba la nyumbani, ugomvi wa majirani uliomalizwa kwa jani la isale, mmea wa Wachaga wa kuombana msamaha, siku za kusafisha mfereji ambapo kila nyumba ilitoa mtu. Maji ya maisha yake yote, na hajawahi kuona yanakotoka. Sehemu hii ya msitu iliingizwa ndani ya hifadhi ya taifa mwaka 2005, na ukikaa pale huhitaji kuelezwa sababu. Mti ukikatwa huku juu, mgomba unakauka kule chini.

Tulikula Kisambioni, nusu ya njia, mtori kutoka kwenye chupa ya chai.

Kuanzia saa tano mawingu yalianza kupanda. Ndivyo mlima unavyofanya: jua likipasha miteremko, hewa yenye unyevu hupanda, ikifika juu inapoa na kuwa wingu. Tulifika Mandara saa saba na nusu tukiwa ndani ya wingu, tusione hata vibanda vyote vya paa la pembetatu. Baridi ilikuwa imeingia. Joto hupungua kama nyuzi 0.6 kwa kila mita 100, kwa hiyo tulikuwa tumeacha nyuzi tano hivi langoni. Nilimbadilisha Mama fulana iliyolowa jasho kabla ya kumvisha koti. Hakuwa na maumivu ya kichwa wala kichefuchefu, na saa ilituruhusu, tukaendelea.

Baada ya Mandara miti mirefu inaisha ghafla, inabaki miti mifupi ya mierika yenye ndevu za kijani kijivu. Tulifika ukingo wa Maundi muda mfupi baada ya saa nane. Wingu lilipasuka. Kilele cha Mawenzi kikatoka na meno yake yote, kile kirefu cha Kibo kikaonekana kipande kimoja cheupe, na chini tambarare ya Taveta ikafunguka mpaka ndani ya Kenya, Ziwa Chala liking'aa mpakani. Mama alitazama chini. Alikuwa anatafuta Rombo, kwa dada yake. Akaipata, akaanza kuita majina ya watu wa kule mmoja mmoja huku analia na kucheka.

Saa nane na nusu tuligeuka.

Kushuka tulifuata kanuni moja: kwenye ngazi za magogo mguu mbovu hutangulia chini, fimbo zote mbili zikiwa zimeshatua; palipo na kupanda, mguu mzima hutangulia. Hatua fupi, magoti yasinyooke kabisa. Kwenye mteremko mkali tulikwenda mshazari. Mwongozaji alitembea mbele yake, karibu, ili akiteleza aangukie mgongo wa mtu. Hakuteleza. Saa kumi na moja na robo tulikuwa langoni.

Usiku goti lilivimba kidogo, tukalikanda kwa maji baridi na kuinua mguu juu ya mto. Siku mbili alitembea kwa kukakamaa, kisha akaenda sokoni Marangu Mtoni kama kawaida. Mama mkubwa wa Rombo ameshapata habari na anataka zamu yake. Nimemwambia tulenge Februari, kabla masika hayajaanza, na aanze zoezi la kiti leo.