Siku yangu moja Kongwa: vikope, nzi na lita moja ya maji

Saa 11 alfajiri niko kwenye foleni ya maji. Mwezi wa kumi hapa Kongwa, mkoani Dodoma, mvua bado iko mbali, na madumu yamepangwa bombani tangu usiku. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, lakini foleni haijui hilo. Nina madumu mawili ya lita 20, mpaka kesho. Njiani nayagawa kichwani: ya uji, ya ugali na mlenda, ya vyombo, ya mbuzi. Maji ya kunawa uso hayamo kwenye hesabu ya mama yeyote hapa kijijini. Kazi yangu kubwa ni kuyaingiza humo.

Saa 2 asubuhi, nyumba ya kwanza. "Mbukwenyi!" Wanaitikia, nakaribishwa kigoda. Mtoto mdogo ana tongotongo, nzi wanatembea kwenye pembe za macho yake naye hata hawafukuzi, amezoea. Mama anashika ncha ya kanga, anamfuta. Kisha anamgeukia dada wa mtoto huyo na kumfuta kwa ncha ile ile.

Amefanya kwa upendo. Hata mimi mama alinifuta hivyo. Lakini hapo ndipo vikope, yaani trakoma, ugonjwa wa macho unaoweza kupofusha, vinapopita. Bakteria wake, Chlamydia trachomatis, wamo kwenye majimaji ya macho na pua. Wanabebwa na kidole, kitambaa, shuka wanayojifunika pamoja, hata miguu ya nzi.

"Maji yenyewe yako wapi, dada?" ananiuliza. Sibishani naye. Natoa chupa yangu ya lita moja, kifuniko nimekitoboa kwa msumari. Namnawisha wa kwanza, wa pili, watoto wa jirani nao wanakuja kuchungulia, nao wananawa. Tumefika nyuso 14 na chini ya chupa bado kuna maji ya kumpa kifaranga. Mama anaitazama ile chupa kwa muda.

"Kumbe si ndoo," anasema.

Saa 4 nazungumza na mzee ambaye shimo lake la choo limesimama nusu. Ananiambia choo ndicho kitakacholeta nzi. Hoja hii naisikia mara nyingi, na inastahili jibu la kweli. Nzi anayependa macho, Musca sorbens, hutaga mayai kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi juu ya ardhi. Ndani ya shimo hazaliani. Utafiti uliofanyika Gambia na kuchapishwa mwaka 2004 ulionyesha kuwa vijiji vilipojengewa vyoo, nzi kwenye macho ya watoto walipungua. Mzee anauliza kina kinachotosha, kisha anamwita kijana wake alete sururu.

Saa 6, shuleni. Kamba ya kibuyu chirizi, chombo cha kunawia kinachoinamishwa kwa kamba, imekatika. Wanafunzi wanaifunga upya wenyewe, na sabuni tunaitoboa ili ining'inie.

Saa 9 alasiri, kwa bibi. Amekaa ndani, mgongo kwa mlango.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Rudishia mlango, nuru inanichoma."

Anafungua fundo la kanga na kunionyesha kibano chake. Kila baada ya siku chache mjukuu humng'oa nywele za kope. Vikope vya utotoni, vikirudi na kurudi, huacha makovu upande wa ndani wa kope la juu. Linajikunja, na nywele zake zinakwaruza kioo cha jicho kila anapopepesa. Wanawake huumia zaidi ya wanaume, kwa kuwa ndio wanaowabeba watoto wenye maambukizi na kulala nao. Namweleza kuhusu upasuaji: sindano ya ganzi, kope linageuzwa nje, anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Simfichi kwamba uoni uliokwisha kupotea kwa kovu la kioo hautarudi. Ananyamaza. Halafu anauliza nani atachunga mbuzi Alhamisi, siku ya upasuaji. Tunapanga.

Saa 11 jioni, kikao cha kitongoji. Baba mmoja anauliza: kingatiba si tulishameza, tukapimwa urefu kwa fimbo ili tujue vidonge vingapi? Ni kweli. Azithromaisini, dawa ile tuliyomeza, huua bakteria walio machoni leo, ila mtoto anayefutwa kwa kanga ya watu watatu ataambukizwa tena. Nawatajia Malawi, majirani zetu: mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa wameitokomeza trakoma kama tatizo la afya ya jamii. Walimeza dawa, wakafanya upasuaji, wakahimiza nyuso safi na vyoo, vyote kwa pamoja. Mwenyekiti anaandika majina ya kaya zisizo na choo, na la kwanza ni lake.

Saa 1 usiku niko nyumbani. Dumu la pili limebaki robo. Kabla sijabandika sufuria nachota kopo moja, nalifunika, naliweka karibu na mlango kwa ajili ya nyuso za asubuhi.